Mbwa wa Kizingitini

Kila Ijumaa husomwa katika nyumba nyingi za pwani yetu Sura ya Pango, nami tangu utoto, nilipokuwa chuoni kwa mwalimu wangu wa kwanza, nimeisikia mara zisizo na idadi. Walakini sikutanabahi mpaka uzeeni, baada ya kumpokea mbwa aliyetupwa, ya kuwa katika kisa kile cha vijana walioukimbia udhalimu wa mji wao wakalazwa usingizi wa miaka mia tatu na tisa, watu waliokuja baadaye hawakushughulika sana na imani ya vijana wale wala na ujasiri wao, bali walibishana juu ya idadi yao. Kundi moja liliwahesabu watatu, la pili watano, la tatu saba; na Kitabu, kabla ya kuirudisha elimu ya jambo hilo kwa Mwenyezi Mungu, kilizifananisha kauli mbili za mwanzo na mtu anayevurumisha mawe asikokuona. Jambo lililonishika moyo ni kwamba katika hesabu zote tatu, ile iliyo mbali na kweli na ile iliyo karibu nayo, mbwa yumo. Juu ya wanadamu watu walihitilafiana, lakini juu ya mbwa hapakuwa na aliyethubutu kumwacha nje.

Mbwa ninayemsema mimi hakuwa na pango la kujisitiri. Masika ya mwaka juzi, mvua iliponyesha Tanga siku nne mfululizo, mjukuu wangu alimkuta ndani ya mtaro wa maji machafu nyuma ya soko, kamba ya katani imemla shingo hata nyama ikaonekana, naye amekwisha kuchoka kulia. Tulimtoa, tukaikata kamba, tukamlaza juu ya gunia katika banda la kuni, na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua alikotoka, tukamwita kwa jina la majira yaliyomleta: Masika. Alikuwa na umri wa miezi minne au mitano, rangi yake rangi ya udongo mwekundu, miguu ya mbele myeupe kama iliyokanyaga chokaa, sikio moja limesimama na la pili limelala, na mkia umepinda juu ya mgongo kama mkono wa birika.

Kidonda hakijakauka, majadiliano yakaanza. Barazani petu, ambapo wazee tunakutana baada ya alasiri kwa kahawa na kashata, kila mmoja alikuwa na neno la kusema juu ya nasaba yake. Fundi seremala alikata shauri kwamba ana damu ya mbwa wa Kijerumani, kwa hoja kwamba mashamba ya mkonge ya wilaya hizi yalikuwa mikononi mwa Wajerumani, kisha mengi yakawa mikononi mwa Wagiriki, nao walifuga mbwa wakubwa wa ulinzi ambao hapana shaka walizaa na mbwa wa vijiji. Mstaafu mmoja wa jeshi la polisi alishikilia kuwa huyu ni kizazi cha mbwa wa kazi, kwa vile anavyoinua kichwa na kunyamaza kabla ya kubweka. Kijana wa duka la simu, aliyemwona nywele zikimsimama mgongoni siku moja ya hasira, alimpa ujamaa na mbwa wa kusini mwa Afrika wenye mstari mgongoni, wale waliofugwa kwa kuwinda simba. Wa mwisho, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alisema kwamba huyu ni mbwa koko tu, hana kabila.

Ningeyaacha maneno haya yapite, kama yapitavyo mengi ya barazani, lau nisingaliona kwamba kila dhana ilikuwa na matokeo yake. Siku aliyokuwa Mjerumani, seremala alimletea mifupa kutoka buchani, na watoto waliambiwa wasimchokoze. Siku aliyoamuliwa kuwa koko, mtoto wa jirani alimpiga jiwe ubavuni mbele ya watu wazima wanne, wala hapana hata mmoja aliyemkanya. Mbwa alikuwa yule yule. Kidonda chake cha shingo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni kisa tulichomtungia, na kisa hicho ndicho kilichompa mfupa au jiwe. Hapo ndipo nilipojiuliza swali ambalo sijaacha kujiuliza hata leo: tunapoitafuta asili ya kiumbe, je, tunataka kumjua, au tunataka idhini ya kumdharau?

Naomba msomaji asinidhanie kuwa nimesahau sharia. Mimi ni mfuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kama walivyo wengi wa watu wa pwani, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yao kwa udongo. Najua pia kwamba Imamu Malik aliona mbwa ni tohara, na kwamba kati ya maimamu wawili hawa hakuna aliyemkosea adabu mwenzake. Lakini nyumbani kwangu tunashika tulilolelewa nalo. Masika hakupata kulala ndani. Alipopata nguvu nilimhamishia shamba letu la minazi lililoko Pongwe, akawa mlinzi, na mbwa wa shamba, kama mbwa wa mifugo na mbwa wa kuwinda, ametajwa katika ruhusa iliyopokewa kutoka kwa Mtume. Lakini najisi ni hukumu ya mate na ya chombo; si hukumu ya thamani ya kiumbe mbele ya Muumba wake. Nani asiyeijua hadithi ya msafiri aliyeshuka kisimani akanywa, akatoka akamkuta mbwa anakula tope kwa kiu, akarudi chini akakijaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno ili mikono ipate kushika ukuta, akamnywesha, naye akasamehewa madhambi yake? Msafiri yule hakuuliza mbwa ni wa nani wala wa jinsi gani. Aliona kiu, akaijua, kwa kuwa ilikuwa kiu yake mwenyewe ya muda mfupi uliopita.

Tena sitaki ionekane kwamba naidharau elimu ya sayansi. Mpwa wangu aishiye Toronto, alipokuja likizo, aliniletea kijiti chenye pamba cha kufutia mate ya mbwa, ambacho hutumwa maabara ili damu yake, au kwa usahihi zaidi urithi wake, upate kusomwa na kugawanywa kwa mafungu: hapa robo ya jinsi hii, hapa thumuni ya jinsi ile. Nilikipokea kwa shukrani, kisha nikataka kujua kwanza jicho la mwanadamu limeaminika kiasi gani katika kazi hiyo, na niliyoyasoma yamenitoa katika kiburi cha macho.

Wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walitoa mwaka 1965 kitabu cha utafiti walioufanya miaka mingi huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, ambako miongoni mwa mengine waliwazalisha pamoja mbwa wa Basenji, ambao asili yao ni Kongo na ambao hawabweki kama wenzao, na mbwa wa Cocker Spaniel, wenye masikio marefu yaliyolala. Vizazi vilivyofuata vilitoka na sura za namna nyingi, na wengine hawakufanana na babu wa upande huu wala wa upande ule, hata asiyewajua wazazi wao asingaliweza kuwataja. Mwaka 2009 Victoria Voith na wenzake, huko California, waliwachukua mbwa 20 waliopatikana katika makazi ya mbwa waliotupwa, wakalinganisha jinsi walizopewa kwa kutazamwa na jinsi zilizoonekana katika urithi wao. Na kwa walio wengi, jicho na damu havikuafikiana. Sababu yake si ngumu kuifahamu: sura ya mbwa, yaani kimo chake, manyoya yake, na mlalo wa masikio yake, hutawaliwa na sehemu chache mno za urithi, na ufupi wa miguu, kwa mfano, waweza kuletwa na badiliko moja tu, kwa hiyo mbwa aweza kuwa na mguu wa babu yake mmoja na asiwe na kitu kingine kikubwa kutoka kwake, au akawa na sehemu kubwa ya urithi wa babu mwingine usioonekana popote katika mwili wake.

Ama kuhusu tabia, ambayo ndiyo hasa watu hudai kuisoma katika nasaba, mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliokusanya habari za mbwa zaidi ya 18,000 kutoka kwa mabwana zao, na kuusoma urithi wa zaidi ya 2,000 kati yao. Na jinsi ya mbwa ilionekana kueleza kama sehemu 9 tu katika 100 za tofauti ya tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Zilizobaki zina mambo mengine, na miongoni mwake ni mama aliyemlea, mkono uliomlisha, kamba iliyomfunga shingo.

Wala dhana hii si mchezo wa barazani tu. Katika Uingereza ipo sheria ya mwaka 1991 iliyopiga marufuku jinsi fulani za mbwa, na mojawapo haitazamwi kwa hati ya uzazi wala kwa kipimo cha damu, bali kwa sura na vipimo vya mwili. Mbwa akionekana kuwa na umbo la Pit Bull aweza kuchukuliwa, hata kama hajapata kumuuma mtu, na mahakama isipoidhinisha abaki kwa bwana wake kwa masharti, huuawa. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya kuwalinda watoto, na kuwalinda watoto ni wajibu usio na mjadala; lakini tazama uzito uliotwikwa juu ya upana wa fuvu na urefu wa taya. Anayekisia barazani humnyima mbwa mfupa. Anayekisia akiwa na kalamu ya dola humnyima roho.

Kuna jambo la ndani zaidi, na hili lilinigeuza mawazo kabisa. Sisi sote tuliokuwa tukikisia tulichukulia kwamba Masika lazima awe mchanganyiko wa jinsi zenye majina, kana kwamba majina ndiyo yaliyotangulia na mbwa wakafuata. Kumbe sivyo. Mbwa ameishi na mwanadamu zaidi ya miaka elfu kumi. Lakini jinsi nyingi zenye majina na daftari za uzazi, zilizofungiwa ili zisichanganyike, ni kazi ya karne mbili hizi: maonyesho ya mbwa ya Newcastle yalifanyika mwaka 1859, na chama cha London kilichoshika daftari za nasaba zao, Kennel Club, kiliundwa mwaka 1873. Na watafiti waliochukua damu za mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, wakatoa matokeo yao mwaka 2009, waliwakuta mbwa wa vijiji vya Uganda wakiwa aghalabu ni wa nasaba ya kale ya hapa hapa Afrika, ilhali yule mbwa mwenye mstari mgongoni, anayesifiwa ulimwenguni kuwa ni wa Afrika, urithi wake umeelekea zaidi upande wa Ulaya. Basi kumwuliza mbwa wa kijiji cha Pongwe amechanganywa na jinsi zipi ni sawa na kuyauliza maji ya bahari yalimiminwa kutoka mitungi gani. Mitungi ndiyo iliyochota baharini.

Hata neno lenyewe tunalomtukania, tukilitazama kwa insafu, halina tusi ndani yake. Koko, kwa Kiswahili cha wazee, ni kichaka. Mbwa koko ni mbwa wa kichakani, na kumwita hivyo ni kutaja maskani yake. Sisi ndio tulioligeuza likawa na maana ya asiye na asili, hali hakuna kiumbe asiye na asili. Yupo tu yule ambaye asili yake hatuijui, na kutojua kwetu ni sifa yetu, si sifa yake. Na neno kienyeji limepatwa na msiba huo huo, ila kwa kuku. Nendeni sokoni mkaulize bei: kuku wa kienyeji ana bei kubwa kuliko wa kisasa, mpishi humtafuta kwa ajili ya mchuzi wa mgeni wa heshima, wala hapana anayeuliza mama yake alitagwa wapi. Tunaijua thamani yake kwa kuwa tumemwonja. Mbwa, ambaye hatumli, thamani yake twaitaka kutoka mbali.

Katika Sura ya Hujurati zimewekwa aya mbili jirani, ambazo nilizihifadhi zamani bila ya kuuliza kwa nini zimekaa pamoja. Ya kumi na mbili inawaamuru waumini kujiepusha na dhana nyingi, na inakataza kupeleleza na kusengenya. Ya kumi na tatu inawaambia watu kwamba wameumbwa kutokana na mwanamume na mwanamke, wakafanywa mataifa na makabila ili wapate kujuana. Dhana kwanza, kisha kujuana. Naona, na Mungu ndiye mjuzi, kwamba ujirani huu una hikima: kabila limewekwa liwe mlango wa kumwendea mtu, nasi huligeuza likawa ukuta wa kutomwendea, kwa kuwa tumekwisha kumdhania. Anayekujua hahitaji tena kukisia. Na mwenye kukisia daima amejizuilia kukujua. Hapa sisemi juu ya mbwa peke yake, wala sisemi kwamba binadamu ni sawa na mbwa, Mungu apishe mbali. Ninachokifananisha ni ukisiaji, si wanaokisiwa. Sisi watu wa pwani tumeishi karne nyingi tukiulizana nani Mshirazi, nani Mwarabu, nani wa bara, na nimewahi kuona ndoa ya vijana wawili wema ikivunjwa kwa silsila ambayo hapakuwa na aliyekuwa na karatasi yake. Mwaka 2023 mifupa ya watu wa kale wa miji ya pwani, Kilwa na Mtwapa zikiwamo, ilisomwa urithi wake, ikaonekana mama wa Kiafrika na baba wa Kiajemi wamefungamana humo tangu kiasi cha miaka elfu moja iliyopita. Waliokuwa wakiringa kwa upande mmoja na waliokuwa wakiwacheka wote walipata fungu lao la kunyamaza.

Je, basi, kutaka kujua asili ni haramu? Hasha. Mganga wa mifugo akijua kwamba mbwa ana urithi wa ugonjwa wa nyonga, atamtibu mapema. Mchungaji akitaka mbwa wa kuchunga, ana haki ya kuuliza habari za wazazi wa mbwa huyo. Elimu inayomtumikia anayejulikana ni ihsani. Dhana niikataayo ni ile ambayo, mbwa mwenyewe akiwa mbele yako, kidonda chake kikiwa wazi, na macho yake yakikutazama, inakufanya uyatazame mashamba ya mkonge ya miaka sitini iliyopita.

Na hata maulamaa hawakusalimika na mtihani huu. Wafasiri wa Kitabu walimpa mbwa wa pangoni jina, wengi wao wakimwita Kitmiri, kisha wakahitilafiana juu ya rangi yake. Na Ibn Kathir, katika tafsiri yake mashuhuri, aliyataja mabishano hayo ya rangi akayakataa, akiona kwamba hayana dalili wala faida, na kwamba nayo yameingia katika kule kutupa mawe gizani kulikokatazwa. Niliposoma maneno hayo nilikaa kitako kwa muda mrefu. Kitabu kilikwisha kutuambia juu ya mbwa yule yote tuliyoyahitaji: kwamba alifuatana na wema, na kwamba alikuwa kizingitini, miguu ya mbele ameinyoosha. Mahali alipokuwa, na pamoja na nani. Rangi hatukuambiwa, jinsi hatukuambiwa, mama yake hatukuambiwa, na heshima yake haikupungukiwa na kitu.

Kijiti cha mpwa wangu kimo kabatini bado. Sikukitupa, kwa kuwa ni zawadi, na pengine siku moja Masika akiugua kitatufaa.

Mwezi Septemba uliopita bwana mifugo alifika Pongwe kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, nasi tuliokuwa na mbwa tukakusanyika chini ya mwembe. Alikuwa kijana mwenye adabu; akaniamkia, nikamwitikia, akamchoma Masika sindano ambayo hakuilalamikia, kisha akaitia kalamu katika kadi. Jina akaliandika. Rangi akaiandika: nyekundu, miguu myeupe. Alipofika nafasi ya tatu akasita.

"Mzee wangu, aina yake niandike nini?"

Seremala, ambaye alikuja shambani siku hiyo kunisaidia kutengeneza lango, akamwahi. "Andika ana Ujerumani ndani yake, mwanangu."

Kijana akanitazama mimi. Nikamwambia, "Andika wa kienyeji. Ni mwenyeji wa hapa."

Akaandika, akagonga muhuri, akanikabidhi kadi kwa mikono miwili. Alipotaka kutoka alimkuta Masika amekwisha kurudi mahali pake, amelala kizingitini pa lango, miguu myeupe ameinyoosha mbele, sikio moja juu. Naye akapita pembeni taratibu, bila ya kumwamsha.